Mkazo

Fundi Ombasa amekuja na vijiti vitatu vya metali
ndani ya gazeti la juzi, kurasa za matangazo ya vifo.
Ametoka navyo Kariobangi, kwenye tanuri lake
nyuma ya karakana ya mageti.
Ni Julai. Manyunyu yameng'ang'ania vioo vya maabara.
"Kavutha," asema, "pima kwa mkono kwanza."

Napima. Ni kama kushika kitu
ambacho bado hakijaamua kuwepo.
Magnesi: theluthi mbili tu ya uzito wa sufuria yangu,
na sufuria yangu yenyewe ni nyepesi, hasa mwisho wa mwezi.

Kijiti cha kwanza ni magnesi tupu.
Cha pili kimetiwa unga wa kabidi, ule mweusi
wa mawe ya kunolea, tano kwa mia.
Cha tatu, kumi na tano.
Chelimo, mwenye utafiti, ameviandika kwa wino wa buluu:
0, 5, 15, kama umri wa watoto wa nyumba moja.

Ombasa asimulia walivyokoroga.
Kijana wake mpya aliona weupe ukilipuka chunguni,
akakimbilia ndoo. Ombasa akamdaka ukosi:
Mchanga! Mchanga, wewe!
Kuna moto ambao maji huulisha.

Nakaza taya za mashine juu ya sifuri.
Inavutwa. Inarefuka kidogo, inakonda kiunoni,
inalia tiki, tiki, kama saa iliyo chumba cha pili,
na tunapata muda wa kuitazama ikiondoka.
Tisini. Chelimo anaandika.

Kumi na tano inapanda.
Mia. Mia na arobaini. Mstari kwenye kioo
umenyooka kama mtu aliyekataa kuketi.
Mia na themanini na
ta!
Kipande kimegonga kabati.
Ombasa anakiokota, anakipuliza:
"Huyu amekufa bila kuaga."

Chini ya lenzi twaona ufa ulikoanzia:
pale unga uliporundikana,
chembe kwa chembe, bega kwa bega,
na katikati yao hakuna magnesi ya kuzishika.
Penye nguvu nyingi kuliko kote,
hapo ndipo palipofunguka.

Sikusema kitu. Nilifuta taya kwa kitambaa.
Lakini nilikumbuka Machi, na Lang'ata, na udongo mwekundu
uliokatalia viatu vyangu hadi Pasaka,
na shangazi, na jirani, na mhasibu wa chama,
kila mmoja akinishika kiwiko:
Jikaze, Kavutha. Jikaze, mama.
Kila mmoja na kijiko chake cha unga mweusi.
Nami nikapokea vyote, nikakoroga,
Jumatatu nikarudi kazini nikiwa mgumu,
mgumu hata mpira wa chuma wa kupimia
haungeniachia alama.
Wakasifu. Mwenzetu yule, walisema, ni chuma.
Hawakuniuliza nitarefuka kiasi gani.

"Bado ya tano," asema Chelimo.

Naiweka. Inapanda polepole, mia, mia na ishirini,
na mstari unaanza kuinama, kidogo tu,
kama shingo ya anayetaka kusema jambo.
Hapo stima inapotea.
Jengo zima la uhandisi linashusha pumzi.
Kioo cheusi. Korido, mtu anamlaani mtu asiyekuwepo.

Chelimo anashika kichwa: jaribio limeharibika.
Ombasa anacheka, anakunja gazeti lake
na vipande vinne ndani, vya kuyeyusha upya.
Mimi nimeinama karibu na taya, gizani.
Kijiti bado kimeshikwa, kimevutwa nusu,
hakijakatika, hakijarudi kilivyokuwa.
Nakigusa kwa kidole.
Kina joto.
Kidogo, lakini kina joto.